Nipande nini kuzunguka bwawa la samaki wa dhahabu hapa Dodoma? Na kwa nini wangu wamekufa wote siku moja?

BintiUkerewe_Nzuguni
Jumapili, saa 2:15 usiku

Habari zenu wote, na shikamoo kwa wakubwa.

Nina maswali mawili. La kwanza nilikuwa nimelipanga tangu mwezi uliopita, la pili limenijia wiki hii na ndilo linaloniuma.

Baba yangu alihamia kwangu mwaka juzi baada ya mama kufariki. Ni mtu wa Ukerewe, amevua tangu akiwa mtoto hadi mgongo ulipokataa. Hapa Nzuguni alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, anatoa kiti nyuma ya nyumba, anakaa anautazama ukuta wa jikoni. Hana mtumbwi, hana wavu wa kushona, hana mtu wa kumuuliza upepo umeamkaje. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, kwenu huku mtu hasikii maji." Nililala na maneno hayo wiki nzima. Mwezi Mei nikamwita fundi, tukachimba bwawa.

Ni dogo. Mita 3 kwa mita 2, umbo la yai, kina sentimita 80 upande mmoja na 40 upande wa pili, kwa hiyo linachukua kama lita elfu tatu hivi. Tofali za saruji, plasta juu. Nililijaza na kulimwaga mara tatu ili chokaa ya saruji itoke, na maji ya bomba nayalaza siku mbili kwenye simtanki kabla ya kuyatia ili dawa iishe. Samaki nililetewa kutoka Dar kwa basi, nikawapokea stendi kuu usiku, kumi na wawili ndani ya mifuko miwili. Watatu hawakumaliza wiki. Tisa wakashika. Baba aliwazoesha kula asubuhi: anagonga ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, mara tatu, nao wanakuja wote wamepanga midomo juu. Hata wajukuu wakigonga hawaji. Ni yeye tu.

Sasa swali la kupanda. Eneo lenyewe liko hivi. Kusini kuna ukuta wa jikoni. Kaskazini, kama mita nne, kuna mwarobaini mkubwa niliokuta nao kiwanjani, majani yake yanadondoka majini kila siku nayaokota kwa chujio. Magharibi ni wazi kabisa, jua la saa nane linachoma maji hadi ukitia mkono unasema yamepashwa. Mashariki kuna ua wa minyaa, mita moja na nusu tu kutoka ukingoni, ndio unaotukinga na upepo wa vumbi. Ulikuwa umerefuka ukainamia maji, Alhamisi asubuhi nikamwita kijana aupunguze. Maskini, jicho limemvimba hadi leo.

Ardhi ni ile nyekundu ya kichanga, ikinyesha inateleza, ikikauka inakuwa tofali. Maji yanakuja kwa mgao. Nataka pawe na kivuli, na kijani, na mahali baba aweke kiti. Nataka pasifanane na shimo la saruji. Nipande nini kisichotaka maji mengi?

Na swali la pili. Alhamisi hiyo hiyo mchana samaki walianza kupanda juu, wanahema, wanalala ubavu. Kufika saa kumi na moja jioni wote tisa walikuwa wamegeuza matumbo. Baba alichota maji kwa kiganja akayanusa, akauliza, "Nani ametia utupa humu?" Nikamwambia, baba, humu ndani haingii mtu. Alikasirika kwa namna ambayo sijawahi kumwona, akasema kwao mwaloni mtu aliyevua kwa sumu alikuwa hasalimiwi. Nikadhani ni uchungu tu unaongea. Lakini tangu siku hiyo hajatoa kiti nje.

Tatizo ni nini? Sitaki kununua wengine niwaue tena.

---

KijanaWaMakulu
Jumapili, saa 3:02 usiku

Pole sana dada, na mpe pole mzee.

Mimi nafikiria hewa. Oktoba hii ndio joto la Dodoma linapanda, na maji yakipata moto oksijeni inayokaa ndani yake inapungua, wakati samaki huyo huyo akiwa na joto anahitaji zaidi. Ukijumlisha majani ya mwarobaini yanayooza chini, nayo yanakula hewa. Kwa kawaida wanahema alfajiri, kwa sababu usiku mimea na mwani havitoi oksijeni bali vinaitumia.

Nikuulize: walianza wakubwa au wadogo? Hewa ikipungua mara nyingi wakubwa ndio wanatangulia. Na una pampu? Pampu ndogo ya sola inayodondosha maji kutoka juu ingesaidia sana, na mzee angesikia hayo maji anayoyataka.

Kivuli cha magharibi nashauri mzabibu juu ya kichanja. Tuko Dodoma bwana, zabibu inavumilia ukame na unakula mara mbili kwa mwaka.

---

BintiUkerewe_Nzuguni
Jumapili, saa 3:20 usiku

Asante mdogo wangu. Pampu ninayo, ya sola, na siku hiyo ilikuwa inafanya kazi, maji yanadondoka kama kawaida. Hawakuanza wakubwa wala wadogo, walianza wote pamoja, na ilikuwa saa nane mchana, siyo alfajiri. Nilisahau kusema: na vyura wawili waliokuwa wanaishi kwenye kona ya mawe tumewakuta wamekufa.

---

MamaPangani
Jumapili, saa 3:41 usiku

Mwanangu, baba yako yuko sawa. Mtake radhi.

Huo ua wako wa minyaa, sisi pwani tuna jina jingine tunauita: mtupa mwitu. Umesikia jina? Wazee hawakuuita hivyo bure. Ile maziwa nyeupe inayotoka ukivunja kijiti ni sumu ya samaki. Zamani watu walikuwa wanaponda vijiti wanatupa kwenye vidimbwi vya mto, samaki wanaelea wanaokotwa. Ni ile ile kazi ya utupa, mmea ni mwingine. Na jicho la huyo kijana wako limevimba kwa maziwa hayo hayo. Mpeleke hospitali kesho, usingoje, maziwa ya mnyaa yanaweza kumpofusha mtu siku kadhaa. Angeoshwa kwa maji mengi saa ile ile.

Ulipokata Alhamisi, matawi mangapi yaliangukia majini? Hata kama uliyaopoa, mnyaa uliokatwa unachuruzika kama ng'ombe anayekamuliwa. Kwenye bwawa la lita elfu tatu haihitaji mengi.

Hewa ingekuwa imepungua, chura angetoka zake akakae juu ya jiwe. Chura kufa na samaki, saa moja, mchana kweupe, hiyo ni sumu.

---

BintiUkerewe_Nzuguni
Jumapili, saa 4:30 usiku

Nimemsomea baba maneno yako, Mama. Alikaa kimya. Kisha akachukua tochi akatoka, nami nikamfuata.

Ukingoni, upande wa mashariki, juu ya yale mawe bapa niliyoyapanga mwenyewe, kuna matone. Nilikuwa nimeyaona Ijumaa nikadhani ni kinyesi cha ndege au chokaa. Yamekauka kama gundi, mengine meupe mengine yameanza kugeuka kahawia, na yanashuka kwa mstari hadi kwenye maji. Baba aliweka tochi karibu akayakwangua kwa kisu, akasema utupa anaoujua yeye ni ule wa majani, unaopandwa shambani, na kule kwao minyaa ilikuwa ya kuzungushia boma tu, hajawahi kuona mtu akiipeleka majini. Lakini alijua tangu mwanzo kwa jinsi walivyogeuka. Anasema samaki aliyekosa hewa anakufa mdomo ukiwa juu, wa utupa anazunguka kwanza kama mlevi. Ndivyo walivyozunguka.

Nimemtaka radhi. Kijana nimempigia, kesho asubuhi nampeleka hospitali mwenyewe.

Sasa naomba mnisaidie: nalisafishaje bwawa, na ule ua niufanyeje? Nikiung'oa upepo wote wa mashariki utakuwa wetu.

---

MzeeWaHombolo
Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Mbukwenyi. Binti, msalimie baba yako sana, mwambie mkulima mwenzake wa maji anampa pole.

Mnyaa ni mti wetu, ua wa Mgogo kwa ng'ombe na kwa boma. Ng'ombe haugusi, haufi kwa ukame, kijiti ukikichomeka tu kimeshika. Siusemi vibaya. Ila pale ulipo si pake. Usiuchome moto, moshi wake ni mbaya kwa macho kama maziwa yenyewe. Ung'olewe asubuhi, watu wavae miwani na glovu na mikono mirefu, matawi yatandikiwe turubai yasichuruzike, yapelekwe mbali na kuku na mbuzi. Bwawa mlifunike kwa turubai jingine siku hiyo hata kama limeshamwagwa maji.

Upepo usikutishe. Kwa msimu huu weka ua wa mabua. Mabua ya uwele au mtama, yafungwe kwa kamba ya katani kwenye fito, kimo cha mtu. Yanakata upepo vizuri kuliko ukuta, maana ukuta unaurusha upepo juu unaangukia upande wa pili na vumbi lake, mabua yanauchuja. Mvua zikianza panda michongoma nyuma yake. Miaka miwili una ua, na mabua yatakuwa yameshaoza yenyewe.

Nimesoma habari ya mzabibu. Mimi ni mtu wa zabibu miaka mingi na ningependa kila nyumba Dodoma iwe na mmoja, lakini juu ya samaki nasema hapana. Zabibu haivunwi bila kupuliziwa. Ubwiri unga tunaupiga kwa salfa, ubwiri vinyoya kwa dawa za shaba, na shaba kwa samaki ni kama mnyaa, kidogo tu kinatosha. Hata jirani akipulizia upande upepo unapotoka, funika bwawa siku hiyo. Mzabibu wako uweke mbele ya nyumba.

---

KijanaWaMakulu
Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

Mzee shikamoo. Nimejifunza. Naondoa pendekezo langu la mzabibu, na la hewa pia.

---

FundiBustani_Kisasa
Jumatatu, saa 1:25 usiku

Dada pole. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Bwawa kwanza. Mwaga maji yote, lakini usiyapeleke kwenye mboga wala mahali kuku wanapokunywa. Chimba shimo kwenye kona ya mbali yazame huko. Tope la chini litoe lote. Kwangua yale matone kwenye mawe, sugua kuta kwa brashi ngumu na maji matupu, usitie sabuni. Suuza mara mbili, jaza, laza, mwaga tena. Ukijaza mara ya mwisho kaa wiki mbili na pampu ikizunguka. Kisha tia samaki wawili tu, wa bei rahisi. Wakikaa wiki mbili wanakula vizuri, ongeza wengine wawili watatu. Usitie tisa kwa mpigo hata kama maji ni safi: uchafu wa samaki unatoa amonia, na vile vidudu visivyoonekana vinavyoigeuza isiwe sumu ulivisugua pamoja na tope, vinahitaji wiki kadhaa kuzaliana upya. Na kwa lita elfu tatu ningekomea samaki wanane. Samaki wa dhahabu si wa chupa kama watu wanavyodhani. Bwawani anafika urefu wa kiganja na zaidi.

Ukingo sasa. Hili ndilo ninaloliona kwenye mabwawa mengi ya Dodoma na ndilo halisemwi. Mvua zetu kwa kawaida hazizidi milimita 600 kwa mwaka, lakini zinakuja kwa hasira, Desemba hadi Aprili, na ile ya kwanza inapiga ardhi iliyokauka miezi saba. Udongo mwekundu wote unakimbilia palipo chini. Kama ukingo wako uko sawa na ardhi, dakika ishirini tu bwawa linakuwa uji. Nyanyua ukingo sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, na ardhi inayozunguka iteremkie nje. Weka na bomba la kufurika upande wa chini, lielekee kwenye shina la mti unaotaka maji. Ukingo huo mzee ataukalia.

Mawe yako bapa yarudishe baada ya kuyasugua, ila acha yatokeze kidogo juu ya maji, kama kiganja, upande wa kina. Samaki wanajificha chini yake ndege wakija. Mdiria wapo Dodoma hata pasipo mto karibu, na korongo akishajua bwawa lako atakuja kila alfajiri. Vuta mshipi wa nailoni juu ya upande wa kina kifupi, mistari mitatu minne inatosha, yeye hutua pembeni akaingia majini kwa kutembea.

Kupanda ndani ya maji: yungiyungi. Usitupe udongo bwawani. Chukua beseni pana la plastiki, jaza udongo mzito wa kichuguu au wa mbuga, bila samadi, panda, kisha funika juu kwa kokoto unene wa vidole viwili. Bila kokoto hao samaki watafukua udongo wote, ndio tabia yao. Majani yafunike kama nusu ya uso wa maji, siyo zaidi. Hapo jua la saa nane halipigi maji moja kwa moja, mwani unapungua, na maji unayopoteza kwa jua na upepo yanapungua pia. Upande wa kina kifupi weka chungu kimoja cha mafunjo juu ya tofali. Kimoja tu, kwenye chungu, maana mizizi yake ikipata uhuru italijaza bwawa.

Nje: magharibi panda mikomamanga miwili, mita mbili kutoka ukingoni. Inavumilia ukame, inavumilia maji yetu ya chumvichumvi, mizizi yake haivunji kuta, na maua yake mekundu juu ya maji ni kitu cha kuona. Lakini itachukua miaka. Kwa mwaka huu simamisha kichanja cha fito na upande mdodoki. Unapanda kwa haraka, hauhitaji dawa, unatoa kivuli kizito ndani ya miezi mitatu, na madodoki yake utasugulia hilo bwawa. Ukingoni weka mchaichai kwa mafungu, siyo mstari. Mizizi yake inashika udongo usiteleze, na upepo ukipita harufu inamfikia mzee kitini. Sehemu kavu kati ya mawe weka mshubiri na ule mkonge mwitu wa majani ya mabaka unaoota wenyewe porini kwetu. Hiyo haitaki hata kikombe cha maji.

Usipande oleanda wala waridi la jangwani karibu, hata kama wauza miche watakusifia. Yote yana utomvu wa sumu, na umeshajua utomvu unafanya nini.

Mwarobaini uache. Kata matawi yanayoelekea bwawani tu, na kipindi unapopukutisha tandaza neti juu. Ila chunguza ukuta wa kaskazini kila mwaka, mita nne kwa mwarobaini si mbali, ukiona ufa mwembamba ni mzizi.

---

Mpenda_Maua
Jumanne, saa 5:00 asubuhi

Mimi ningeongeza magugu maji, yana maua ya zambarau mazuri sana na hayahitaji kupandwa, unatupia tu yanaelea. Kule Bwawa la Hombolo kuna mimea mingi ya bure pia.

---

MzeeWaHombolo
Jumanne, saa 6:30 mchana

Mimea ya bwawani kwetu usiichukue, binti. Inakuja na konokono, na konokono ndio wanaobeba kichocho. Nunua mche safi, na hata huo uloweke kwenye ndoo siku kadhaa, uukague shina na chini ya majani, mayai ya konokono yanaonekana kama utelezi wa jeli.

---

BintiUkerewe_Nzuguni
Jumanne, saa 2:40 usiku

Kuhusu magugu maji baba amesikia nikisoma, hakuningoja nimalize. Miaka ya tisini aliyaona yakiziba mwalo mzima, mitumbwi imekaa juu ya kijani kama imepandwa, watu wanakaa siku mbili hawatoki kuvua. Amesema likiingia jani moja nyumbani kwangu yeye anarudi Nansio. Asante kwa wazo dada, lakini hayaingii.

Fundi, swali moja. Maji. Najaza kila siku mbili, nimepima kwa rula, siku za upepo yanashuka karibu sentimita moja kwa siku. Kwa mgao huu sijui nitaweza kuhudumia bwawa na mimea yote hiyo.

---

FundiBustani_Kisasa
Jumanne, saa 3:15 usiku

Usivihesabu kama vitu viwili. Kila wiki unatakiwa ubadilishe sehemu moja ya kumi ya maji ya bwawa, yaani lita 300. Hayo ndiyo maji ya mikomamanga, mdodoki na mchaichai, na yana mbolea ndani yake tayari. Usimwagilie mimea kwa maji ya bomba kabisa.

Sentimita moja kwenye bwawa lako ni kama lita 45 au 50. Ua wa mabua na majani ya yungiyungi vitapunguza hapo. Na mvua zikija vuna kwenye paa: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 2,000 kwa siku moja. Ila mvua ya kwanza iache ipite, hiyo inaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege.

---

MamaPangani
Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Jicho la kijana je?

---

BintiUkerewe_Nzuguni
Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Anaona, Mama. Daktari amempa dawa ya matone na amemwambia lingekuwa limekaa siku mbili zaidi ingekuwa habari nyingine. Nimemlipa siku zake zote ambazo hakufanya kazi.

---

BintiUkerewe_Nzuguni
Jumamosi, wiki nne baadaye, saa 12:40 jioni

Nimerudi, kwa sababu mlinisaidia na hamkuona kilichofuata.

Minyaa imeng'olewa, upande wote wa mashariki, mita kumi na mbili. Jirani alikubali nilipomweleza, na yeye ana mifereji ya kunyweshea kuku karibu na ua ule ule, akashtuka. Tulivaa miwani. Baba alisimamia turubai na hakumruhusu mtu kuburuta tawi hata moja juu ya bwawa. Ua wa mabua tumeushona kwa mtama ulionunuliwa kwa mkokoteni kutoka Nala. Baba ndiye aliyeshona, kwa fundo la wavu siyo fundo la kamba ya ua, akasema fundo hili halilegei likilowa. Upepo unapita katikati ya mabua na kutoa sauti ndefu, na mimi nilidhani itamkera. Alisema inafanana na matete.

Ukingo umenyanyuliwa, sentimita 18. Mchaichai nimepanda mafungu saba, mawili yamekauka, matano yameshika. Mikomamanga bado ni vijiti. Mdodoki umeshashika fito ya kwanza, kila asubuhi baba anaupima kwa shubiri na kuniambia. Yungiyungi tumepata moja, la bluu, kutoka kwa muuza miche. Tuliloweka siku tano, na siku ya tatu tukakuta mayai ya konokono chini ya jani, utelezi wa jeli kama Mzee alivyosema. Tukayakwangua. Kokoto tuliziosha mara nne, bado maji yalikuwa mekundu.

Samaki wawili wa majaribio wamefikisha wiki mbili leo. Mmoja mwekundu, mmoja mweupe mwenye doa mgongoni. Wanakula. Hawajui bado kugonga, lakini leo asubuhi saa kumi na mbili nilipofungua mlango wa jikoni baba alikuwa ukingoni, amekalia jiwe, kidole gumba kipo juu ya saruji, anagonga mara tatu, anangoja, anagonga tena mara tatu.

Wanne wengine wanakuja na basi la Ijumaa. Fundi, niwaache kwenye mfuko juu ya maji kwa muda gani kabla sijawaachia? Mara ya kwanza niliwamwaga moja kwa moja, na nadhani ndiyo maana wale watatu hawakumaliza wiki.

---

FundiBustani_Kisasa
Jumamosi, saa 1:50 usiku

Mfuko uelee dakika 20 ukiwa umefungwa, joto lilingane. Kisha ufungue, tia kikombe cha maji ya bwawa kila dakika tano, mara sita au saba. Halafu watoe kwa wavu, maji ya mfuko usiyamwage bwawani. Fanya jioni jua likiwa limeshuka, na usiwape chakula hadi kesho yake.

Wavu ashike mzee.